Simu Imeingia Kanisani: Maswali ya Wasomaji

Tuliomba maswali kuhusu imani na maisha ya sasa. Tulitegemea mavazi, muziki na gharama za harusi. Yaliyokuja karibu yote yanahusu simu, basi tumeyajibu hayo.

Sadaka kwenye laini ya mchungaji

*Bwana Yesu asifiwe. Usharika wetu ulianza kupokea sadaka kwa simu wakati wa korona, kupitia laini ya mchungaji, na mpaka leo ni hiyo hiyo. Mchungaji ni mwaminifu, hakuna anayemshuku. Ila mimi mtunza hazina sijui kilichoingia mpaka anisomee. Nikisema tubadilishe, wazee wananiambia namvunjia heshima mtumishi. Nifanyeje?*
Mtunza hazina, Mbeya

Amina, ndugu yetu. Anza na hoja isiyogusa uaminifu wake hata kidogo: kifo. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mtu mmoja, na fedha iliyomo inahesabiwa kuwa yake. Akiitwa na Bwana Jumamosi usiku, sadaka ya ujenzi iliyolala humo inaingia kwenye mirathi. Mtasubiri kikao cha familia, mtasubiri mahakama imteue msimamizi, halafu ndipo muanze kueleza zenu ni ngapi na zake ni ngapi, bila karatasi ya kuonyesha. Mkimweleza hivyo, huenda mchungaji mwenyewe akawa wa kwanza kutaka laini ibadilishwe. Wazee wakitaka andiko, wasomeeni 2 Wakorintho 8:16-21. Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu alimtuma Tito pamoja na wengine, ili mtu asipate la kulaumu, mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia.

Mnachohitaji ni Lipa Namba ya taasisi, yaani namba ya kupokea malipo ya simu kwa jina la kanisa. Baraza la wazee likae, muhtasari utaje watia saini watatu, na wawili kati yao watoshe kuidhinisha fedha kutoka. Kwa kawaida mtaombwa muhtasari huo, TIN (namba ya mlipakodi) ya taasisi, vitambulisho vya watia saini, na barua ya dayosisi, maana usharika mara nyingi hausajiliwi peke yake bali uko chini ya usajili wa dayosisi. Barua ya dayosisi ndiyo huchelewa kuliko vyote, anza nayo. Kisha elekezeni kwamba fedha ihamie akaunti ya benki ya usharika. Hapa ndipo wengi wanateleza: wanapata Lipa Namba safi yenye jina la kanisa, halafu laini ya kutolea fedha inakuwa ya mhasibu. Mmerudi palepale mlipotoka.

Kabla ya kuitangaza, ijaribuni kwa shilingi 1,000 kutoka kila mtandao unaotumika mtaani kwenu. Mtoaji huona jina kabla ya kuweka namba ya siri. Likisomeka kifupi kisichoeleweka, mama aliyekwisha kutapeliwa mara moja hatabonyeza kukubali, na ana haki.

Tatizo la pili ni kuchanganyika. Bahasha imeandikwa zaka, shukrani au ujenzi, lakini muamala hauna maandishi. Kama hamwezi kupata namba tatu, tumieni mia ya mwisho: anayetoa zaka amalizie na 100, ujenzi 200, shukrani 300. Shilingi 20,100 ni zaka, 5,200 ni ujenzi. Hesabuni kiasi alichotuma mtoaji, si kile kilichobaki baada ya makato, vinginevyo mia zenu zitapotea na mfumo wote utavurugika. Jumatatu watu wawili wachapishe taarifa ya miamala, waigawe mafungu, waweke saini, na jumla iingie kwenye daftari lile lile la sadaka ya kikapuni.

Kuna jambo moja ambalo kikapu hakikuwa nalo: sasa mnajua nani katoa nini. Jina, namba, kiasi, saa. Mathayo 6:3 inataka hata mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, na sasa mtandao unajua, benki inajua, na mtunza hazina anajua. Wekeni kwa maandishi kwamba orodha ya majina inaonwa na watu wawili tu. Baraza na mchungaji wanapata jumla. Mchungaji anayejua nani hutoa laki mbili na nani hutoa mia tano atapata shida kuwatazama sawa, awe mtakatifu namna gani. Kikapu msikiondoe. Watoto hawana laini, wazee wengi wanataka kutoa kwa mkono, na kuinuka kwenda madhabahuni ni sehemu ya ibada. Anayetoa kwa simu apewe kadi ndogo aitie kikapuni, atembee na wenzake.

Mwisho, matapeli. Siku moja utakuja ujumbe: "Namba ya sadaka imebadilika, tuma hapa." Tangazeni leo kwamba namba ikibadilika, itatangazwa kanisani na wazee wawili na kubandikwa mlangoni, kamwe si kwa ujumbe wa simu.

Kusoma masomo kutoka kwenye simu

*Tumsifu Yesu Kristo. Je, msoma masomo anaruhusiwa kusoma kwenye simu? Paroko wetu hapendi.*
Msomaji, Tanga

Milele amina. Si dhambi, lakini paroko ana hoja. Kitabu kikubwa cha masomo kinapobebwa na kuwekwa mimbarini, watu wanaona kwamba hili Neno ni la wote. Simu wanaiona kama kitu chako. Halafu kuna aibu zake: skrini inazima katikati ya Isaya, ujumbe wa mkopo unashuka juu ya Injili. Tena Biblia ya programu huenda si tafsiri inayosomwa kanisani, na Union ya 1952 na Habari Njema zinatofautiana kiasi cha kuwachanganya wanaofuatilia. Jiandalie nyumbani kwa simu, mimbarini soma kitabu. Simu ibaki ya dharura kitabu kikikosekana: iwe katika hali ya ndegeni, skrini isiyojizima, chaji ya kutosha.

Kurusha ibada mubashara

*Nipo kamati ya vyombo. Tunarusha ibada kwa simu iliyofungwa kwenye kistendi. Watu wanalalamika sauti mbaya na picha inakwama. Pia kuna wazee wanaosema kurusha ibada kunafundisha watu kukaa nyumbani. Na je, aliyepo nyumbani anaweza kuandaa mkate na divai yake ashiriki Meza ya Bwana?*
Kijana wa vyombo, Arusha

Tuanze na inayokwama. Picha ya 720p, yaani ya ubora wa kati, inahitaji megabiti 3 hivi kwa sekunde za kupakia, si za kupakua. Mtu akikuambia intaneti yake ni ya kasi, muulize kasi ya kupakia. Pima Jumapili saa nne asubuhi ukiwa hapo hapo kanisani watu wakiwa wamejaa, kwa sababu simu mia tatu zilizoko ndani zinagombania mnara ule ule. Ukipata megabiti 6, rusha kwa 3. Ukipata 3, shuka 480p wala usione aibu. Mgonjwa kitandani anahitaji kusikia kuliko kuhesabu vifungo vya joho. Kwa megabiti 3, saa moja inakula gigabaiti 1.35, ibada ya saa mbili 2.7. Wekeni kwenye bajeti, msimwachie kijana mmoja anunue bando kwa fedha yake mpaka achoke. Kama mtatumia YouTube kwa mara ya kwanza, washeni ruhusa ya kurusha mapema, maana inaweza kuchukua mpaka saa 24 kufunguka. Kurusha moja kwa moja kutoka kwenye simu kunataka chaneli yenye wafuasi wasiopungua 50.

Sauti mbaya inatokana na kipaza sauti cha simu kilichoko mita 15 kutoka mimbarini: kinasikia spika, mwangwi wa bati na mtoto wa kiti cha nyuma kabla hakijamsikia mhubiri. Chukueni sauti kwenye mikisa, ile mashine inayochanganya sauti za vipaza vyote. Lakini msichukue mkondo mkuu unaokwenda kwenye spika. Mikisa ya kanisani inapangwa kwa ajili ya waliomo ndani: ngoma hazipewi kipaza kwa kuwa zinasikika zenyewe, waumini nao hawana kipaza. Ukirusha mkondo huo, aliye nyumbani anasikia mchungaji peke yake kama yuko ndani ya kabati, na kwaya isiyo na ngoma. Tumieni mkondo wa pembeni wenye kipimo chake, na msimamishe kipaza kimoja kikiwaelekea waumini. "Amina" ya kanisa zima ndiyo inayomfanya mgonjwa ajue yupo ibadani. Sauti ikiwa na mikwaruzo hata mkiishusha kwenye simu, kosa liko kabla ya simu: mikisa inatoa sauti yenye nguvu kuliko kipimo ambacho tundu la kipaza la simu linakubali. Weka kipunguza nguvu katikati, au kifaa cha kuingizia sauti kwa USB.

Kamera isimamishwe pembeni na mbele kidogo, isione viti vya waumini. Kuna wanaokuja wakiwa wamekimbia nyumba zenye ugomvi, kuna waliobadili dini bila familia kujua, kuna watoto. Wakati wa maombezi, kamera itazame msalaba au izimwe. Mtu anayelia mbele za Mungu hakukubali kulia mbele ya mtandao. Pia tengeni safu mbili tatu ambazo kamera haifiki kabisa, na wahudumu wa mlango wazijue.

Nyimbo: mkipiga rekodi ya msanii, mtandao unaitambua na video inaweza kunyamazishwa au kuzuiwa. Hakimiliki Tanzania inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo tenzi nyingi za zamani mko salama mkiziimba wenyewe, ingawa tafsiri nayo huwa na mwenyewe. Wimbo wa kwaya ya jirani, ombeni ruhusa kwa maandishi. Kwaya zetu zimezoea kunyimana vitu vidogo kuliko hivyo, lakini hii mkiiomba vizuri hutolewa.

Kuhusu wazee: wana nusu ya ukweli. Kurusha ibada nzima kila wiki, kwa kila mtu, bila mwisho, kunamzoeza mwenye afya kusali akiwa amejifunika shuka. Wapo wanaorusha masomo na mahubiri tu kwa umma, na ibada kamili wanawatumia kwa kiungo cha faragha wagonjwa na walio safarini. Tunaona huo ni mpango mzuri. Uwekeni kisha orodhesheni wagonjwa hao, kwa sababu kila anayetazama kwa ugonjwa anastahili kutembelewa pia.

Na Meza ya Bwana? Kwa Wakatoliki jibu limeandikwa: hati ya Vatikani ya mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti inasema hakuna sakramenti kwenye intaneti. Makanisa mengine yanatofautiana, na wakati wa korona baadhi yaliruhusu kwa dharura. Fuateni uongozi wenu. Sisi tunaegemea njia ya kale kuliko skrini. Mnamo mwaka 155 hivi, Yustino Mfiadini, akieleza ibada ya Jumapili ya Wakristo wa wakati wake, alisema mashemasi huwapelekea sehemu yao wale wasiokuwapo. Bodaboda moja na shemasi mmoja baada ya ibada, tatizo limekwisha.

Mwanangu anabeti na kutoa zaka

*Kijana wangu ana miaka 24, ni dereva wa bodaboda. Mwezi uliopita mkeka wake wa kubeti ulitiki, mechi zote alizobashiri zikatimia, akapata milioni mbili, akatoa laki mbili zaka, akasimama kushukuru, watu wakampigia makofi. Nikimwambia aache ananijibu hata mitume walipiga kura. Ni kweli?*
Mama, Tabata

Walipiga kura, mama, Matendo 1:26, kumpata Mathiya. Hakuna aliyeweka dau, na hakuna aliyekwenda nyumbani na fedha ya mwenzake. Kura zinazofanana na mkeka ni zile za Yohana 19:24, za askari chini ya msalaba wakigombania vazi. Mwambie achague zipi anazofuata.

Lakini andiko peke yake halitamtoa, kwa sababu anaamini anajua mpira. Kaa naye mfanye hesabu. Mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa, odi ya haki, yaani mara ambazo dau linazidishwa ukishinda, ni 2.00 kila upande. Kampuni inaweka mfano 1.90. Hiyo 0.10 ndiyo mshahara wao, nayo inazidishwa kila anapoongeza mechi. Mkeka wa mechi 5 za namna hiyo unalipa mara 24.76, lakini unatiki mara 1 katika 32. Gawanya: kwa kila shilingi 1,000 anayoweka, kwa wastani zinarudi 774. Mkeka wa mechi 10 unalipa mara 613 na kutiki mara 1 katika 1,024, kwa hiyo zinarudi 599. Hiyo ni kabla ya kodi ya ushindi. Ndiyo maana wanawapa zawadi na bonasi wanaorefusha mikeka: mkeka mrefu ndio unaowalipa wao. Kuujua mpira kunaweza kumsogeza kidogo, lakini aliyepanga odi naye anaujua, na ana kompyuta.

Halafu mwombe achapishe taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Ajumlishe kila kilichokwenda kwenye kampuni za kubeti na kila kilichorudi, pamoja na hiyo milioni mbili. Mkeka uliotiki tunaukumbuka miaka, mikeka iliyochanika inasahaulika jioni ile ile. Asitoe fedha kwanza kukuonyesha, atoe karatasi.

Akikubali kuacha: aifunge akaunti yake kwa maandishi, si kufuta programu tu, maana programu inarudi kwa dakika mbili. Afunge pia mikopo ya simu, kwa sababu wengi hawabeti kwa fedha yao. Hesabu ya siku aikabidhi jioni kwenye kikoba au kwa mtu anayemwamini, isilale kwenye laini. Saa za hatari ni za mechi za wikiendi. Apangiwe abiria au kazi ya kanisa saa hizo. Wewe usimlipie deni kwa kumpa fedha mkononi. Ukilazimika, mlipe mdai mwenyewe. Akiwa anadanganya, anauza vitu, halali, au anasema heri afe, hilo si la kukemea tena. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa. Mpeleke kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, na mchungaji aende naye.

Kuhusu zaka ile, kanisa haliwezi kusimamia asili ya kila noti, wala lisijaribu. Ila lile la kumsimamisha na kumpigia makofi lilikuwa kosa la kanisa zaidi ya la kijana. Vijana hamsini walioketi pale wamesikia kwamba Mungu anatikisha mikeka. Makuhani wa Mathayo 27:6 walikuwa na dhambi zao kubwa, lakini hata wao walijua kuna fedha isiyoingia sandukuni kwa shangwe.

Maombi kwenye kundi la WhatsApp

*Kundi letu la akina mama lina watu 180. Mtu akiomba aombewe, kufikia jioni habari zake ziko sokoni. Tulifunge?*
Mwenyekiti wa akina mama, Mombasa

Msilifunge, mama mwenyekiti, ligawanyeni. Kundi kubwa liwe la matangazo, wasimamizi peke yao ndio waandike. Maombi yaende kwenye vikundi vya watu wanane hadi kumi na wawili wanaojuana kwa sura, ujumbe ukiwekewa kujifuta baada ya siku 7. Hautazuia mtu kupiga picha ya skrini, lakini utazuia habari ya mwaka juzi kufufuliwa kwenye ugomvi wa leo. Kanuni iwe moja: hakuna kumwandikia mwingine. Usiandike "tumwombee dada fulani, vipimo vimetoka vibaya" bila yeye kukubali. Andika "tumwombee dada mmoja mgonjwa", Mungu anamjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na ya Tanzania ya 2022 vilevile. Anayekiuka mara ya kwanza aitwe faraghani. Mara ya pili aondolewe kwenye kikundi, asiondolewe kwenye ushirika.

Mahubiri yaliyoandikwa na akili mnemba

*Nina mitaa mitatu na hubiri kila Jumapili. Nimeanza kuiomba akili mnemba iniandikie mahubiri, nami nasoma. Watu wanabarikiwa. Dhamiri inanisumbua kidogo. Mnasemaje?*
Mwinjilisti, Kigoma

Tunaanza na uchovu wako, mwinjilisti, kwa sababu ni wa kweli. Hubiri moja kwa mitaa mitatu linatosha. Hakuna anayekudai matatu. Pia mwombe mchungaji akuruhusu wazee wawili wahubiri kwa zamu.

Sasa chombo chenyewe. Kinaandika kwa ulaini hata pale kinapokosea, na ulaini huo ndio mtego. Hutaja mstari sahihi ukiwa na maneno ya tafsiri mbili zilizochanganywa. Hubuni "methali ya Kiswahili" ambayo bibi yako hajawahi kuisikia. Hutoa maana ya neno la Kigiriki kwa ujasiri usio na msingi. Na hurudia makosa yaliyozoeleka: kiulize kuhusu ngamia na tundu la sindano, Mathayo 19:24, huenda kikakueleza kwamba kulikuwa na mlango mwembamba Yerusalemu ulioitwa hivyo, ngamia akipita kwa kupiga magoti. Hakuna ushahidi wowote wa kale wa mlango huo. Ni maelezo yaliyozuka karne nyingi baadaye, na yanalainisha andiko ambalo Yesu alilisema ligumu makusudi. Wanafunzi walishangaa mno, wakauliza ni nani awezaye kuokoka. Kwa mlango wa kupiga magoti wangeshangaa nini?

Fanya hivi. Jumatatu soma andiko lako mara tano bila simu, ukiandika maswali. Kufikia Jumatano uwe na sentensi moja, yako, ya unachotaka watu wasikie. Baada ya hapo ndipo uiulize mashine mambo yanayoweza kuhakikiwa: tarehe, ramani, maandiko mengine yanayogusa jambo hilo. Kila mstari inaoutaja, fungua Biblia ya karatasi uusome pamoja na mistari mitano ya juu na mitano ya chini. Usiwahi kuiomba ushuhuda wala mfano wa "mama mmoja katika kijiji fulani": mama huyo hayupo, na kumleta mimbarini kama aliyepo ni uongo. Usiiandikie pia habari za watu waliokuja kwako kwa siri, hata ukificha majina. Mtaa mdogo hauhitaji jina kumjua mtu.

Hubiri ulilokwisha kuandika unaweza kuipa ikusahihishie tahajia. Ila soma tena kwa sauti kabla ya Jumapili, maana ina tabia ya kuibadilisha lugha yako ya Kigoma kuwa Kiswahili cha taarifa ya habari.